Kisanduku cha "Ndiyo"

Kuna fomu moja ya kazini iliyonikalisha nusu saa nzima, naangalia kisanduku kimoja tu: una ulemavu? Nilikuwa Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya usiku ghalani. Daktari alishaniambia nina sonona, na dawa nilikuwa nameza mwaka wa pili huo. Lakini ulemavu? Mimi? Miguu ninayo, macho ninayo. Nikatia tiki kwenye "hapana".

Kumbe Sheria ya Usawa ya kule, ya mwaka 2010, haiulizi kama unatembea. Inauliza: una tatizo la mwili au la akili? Linakukwamisha katika shughuli za kawaida za kila siku, tena si kidogo? Limedumu, au huenda likadumu, miezi 12 au zaidi? Jina la sonona peke yake halitoshi. Majonzi ya wiki tatu baada ya msiba hayahesabiki. Sonona inayokufanya ushindwe kuoga, kupika na kupokea simu mwaka mzima, hiyo inaweza kuhesabika.

Na dawa je? Sheria inataka upimwe kana kwamba huzimezi. Yaani anayepimwa si yule anayebeba maboksi usiku, bali yule ambaye bila vidonge asingetoka kitandani.

Sasa ugumu wangu ulikuwa wapi? Kwenye neno. Kiswahili kiliwapa kilema, kipofu na kiziwi kiambishi kilekile cha kiti na kikombe. Baadaye tukapata mlemavu, na siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu akitangulia. Lakini masikioni mwangu bado lilikuwa kilema. Nilipomgusia mama kwa simu, alisema, "Mwanangu, usijitabirie mabaya." Mama huyohuyo aliyenilea kwa "hujafa hujaumbika"!

"Hapana" yangu ilikuwa na bei. Nilichelewa, nikaonywa, nikachelewa tena, nikabakiza onyo moja nifukuzwe. Na mwajiri asiyejua hali yako, wala hakuwa na namna ya kuijua, halazimiki kukurekebishia kazi. Hapo ndipo ninapogombana na sheria. Sonona huanza kwa kukunyang'anya mdomo, halafu sheria inakuambia: sema.

Hata hivyo, sioni njia nyingine iliyo ya haki. Nani angependa bosi awe anamchungulia kichwani, akikisia nani mgonjwa? Afadhali neno nilitamke mwenyewe. Ila basi mahali pa kazi pawe mahali ambapo mtu anaweza kulitamka bila kuogopa kesho yake, maana bila hapo haki hiyo inabaki karatasini.

Mwishowe nilirudi kuomba fomu ile, nikatia tiki kwenye "ndiyo". Nikahamishiwa zamu ya mchana. Mama sijamwambia bado.