Bundi Hatangazi Mauti

  

Ndugu zetu Waislamu, neno "ndege" katika lugha yetu lina maana zaidi ya moja. Maana ya kwanza ni kiumbe mwenye mbawa. Ya pili ni ishara ya mambo yajayo. Ndiyo sababu wazee husema kuwa mtu ametoka na ndege njema au ndege mbaya. Waarabu nao neno lao la kuamini nuhusi, yaani tiyara, limetokana na tayr, ambalo ni ndege. Katika zama za ujahili mtu akitaka kusafiri alimshtua ndege. Akiruka kuliani hushika njia, akiruka kushotoni hurudi nyumbani. Basi maradhi haya ni ya kale, nayo yameingia katika ndimi zetu kabla ya kuingia katika nyoyo zetu. Na hapana ndege aliyedhulumiwa kwa itikadi hii kama bundi, ambaye wazee wetu humwita babewana.

Mwaka jana nilialikwa na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani hii, afanyaye biashara huko Kabianga, katika kaunti ya Kericho. Hiyo ni nchi ya Wakipsigis, nchi ya baridi na mvua, ambako michai imevifunika vilima, na baina ya vilima kuna mabonde yenye mito na miti mirefu. Nilimkuta mwenyeji wangu katika huzuni. Binti yake wa miaka mitatu alikuwa na homa na kikohozi, siku ya nne ile, na pumzi zake zilikuwa za haraka.

Nikauliza kama amepelekwa kwa daktari. Mama mkwe wa ndugu yetu, bibi mtu mzima mwenye kusali na kufunga, akanijibu: "Sheikh wangu, daktari atafanya nini? Mtoto huyu ameshaliliwa. Babewana yuko juu ya mti ule, kila usiku analia." Nikafahamu ya kuwa mganga amekwisha itwa, na fedha amekwisha tengewa, na kijana ameagizwa aukwee mti kukicha, akivunje kiota na kumwua ndege.

Usiku ule nami nilimsikia. Ilikuwa sauti nyembamba, kali, ndefu kama filimbi. Ilikatika, ikarudi, ikakatika, ikarudi. Sitawaficha: moyo wangu ulishtuka. Mimi niliyekaa miaka mbele ya masheikh nikisoma Tauhidi nilishtuka, kwani kabla sijaijua alifu kwa mwalimu wangu, nilikwisha fundishwa na bibi yangu kumwogopa bundi. Nikakumbuka aliyoyaeleza Ibn Masud, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ya kuwa hisia hii humpitia kila mmoja wetu, lakini Mwenyezi Mungu huiondoa kwa kumtegemea Yeye. Nikainuka, nikamgongea mwenyeji wangu mlango, nikamwambia: "Ndugu yangu, mchukue mtoto hospitali sasa hivi. Usingoje kuche, wala usimngoje mganga."

Akampeleka. Daktari akamkuta na kichomi, maradhi ya mapafu ambayo huua watoto wengi wadogo, na ambayo dawa yake inajulikana. Akasema wamechelewa, ila hawajakosa. Baada ya siku chache mtoto akarudi nyumbani akitembea, na shukrani ni za Mola.

Asubuhi ile nilimzuia kijana asiupande mti. Nikaenda chini yake pamoja na mwanafunzi Mwislamu asomaye elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Kabianga, naye akanionyesha niliyekuwa nikimwogopa.

Ni bundi mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika. Wataalamu humwita kwa Kilatini Bubo lacteus, yaani bundi wa rangi ya maziwa. Urefu wake hufikia kiasi cha sentimita 65, na jike, ambaye humpita dume kwa ukubwa, huweza kufikia kilo 3. Manyoya yake ni ya kijivu yaliyochanganyika na weupe, na uso wake umezungushiwa mistari myeusi pande mbili. Macho yake ni meusi, na kope zake ni za rangi ya waridi, kama zilizopakwa rangi. Vile viwili vilivyosimama kichwani, ambavyo watu huviita pembe za shetani, ni vishungi vya manyoya tu. Na kuruka kwake bila sauti si uchawi. Kingo za manyoya ya mbawa zake ni laini, na hewa hupita bila kuvuma.

Ndege huyu hajengi kiota. Hutwaa kiota cha zamani cha tai, au lile jumba la vijiti la fundichuma. Jike hutaga aghalabu mayai mawili, huyaatamia siku 38 au 39, na dume ndiye amleteaye chakula. Mara nyingi kinda wa pili hufa, akabaki mmoja. Huyo hutoka kiotani apatapo kiasi cha miezi miwili, wala hajajua kuruka vyema, na kwa miezi mingi huwafuata wazazi wake akiomba chakula kwa mlio mwembamba, mkali, mrefu kama filimbi.

Ndugu msomaji, hapo niliinamisha kichwa kwa haya. Sauti iliyotutisha nyumba nzima ilikuwa ya mtoto mwenye njaa akimwita mama yake! Huku ndani mtoto mmoja alikuwa akihitaji dawa, na kule nje mtoto mwingine alikuwa akihitaji chakula. Nasi tukataka kumwua wa pili badala ya kumtibu wa kwanza.

Chini ya mti tukaokota madonge ya manyoya na mifupa, ambayo bundi huyatapika baada ya kula. Tukayapasua. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya panya na ya fuko, adui wa mkulima. Ndege huyu hula pia sungura, kanga, komba, vyura na wadudu, na hata kalunguyeye, ambaye humchuna kwanza ngozi yake ya miiba. Naam, pengine huchukua kuku. Basi kuku na wafungiwe usiku. Lakini roho ya mwanadamu haimo katika chakula chake.

Atasema msemaji: "Mbona fulani alililiwa na bundi, na kweli akafa?" Jawabu ni kwamba nyumba yenye mgonjwa watu wake hawalali, na asiyelala ndiye asikiaye. Bundi hulia usiku wote wa mwaka, nasi tumelala. Usiku alioliwa mtu akafa tunauhesabu. Ule alioliwa asife tunausahau. Hiyo ni hesabu ya namna gani?

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakutuacha gizani. Waarabu walidai ya kuwa mtu aliyeuawa bila kulipiziwa kisasi hutokewa na ndege aitwaye hama, ambaye wengi katika wanachuoni wamemweleza kuwa ni bundi, naye hulia mpaka damu ilipwe. Mtume akaikanusha itikadi hiyo pamoja na tiyara, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Na alipofariki mwanawe Ibrahim, jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume, naye katika uchungu wa mzazi, akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Ikiwa jua halikupatwa kwa kufa mwana wa Mtume, bundi atalia kwa ajili ya nani?

Basi tunawausia ndugu zetu mambo matatu. Kwanza, mgonjwa apelekwe kwa daktari mapema, wala sauti ya ndege isicheleweshe dawa hata saa moja. Pili, fedha ya mganga wa ramli iwe fedha ya matibabu. Kwani amwendeaye mtabiri kumwuliza, imepokewa ya kuwa Sala yake haikubaliwi siku arubaini. Tatu, tusiwafundishe watoto wetu kumwogopa ndege. Masahaba walipochukua makinda ya ndege mmoja, mama yao akawa akipapatika, Mtume aliamuru yarudishwe. Na yule bundi mweupe akaaye katika mapaa ya nyumba zetu za kale hapa pwani, kazi yake ni kula panya wanaotuharibia nafaka. Mwacheni afanye kazi yake.

Yule bibi wa Kabianga, Mwenyezi Mungu amzidishie imani, aliniambia siku ya kuagana: "Sheikh, usiku bado nashtuka." Nikamwambia: "Mama, hata mimi. Ukishtuka, mtaje Mola wako, kisha endelea na shughuli yako."