Nani Amlipe Daktari Apimaye Jeraha?

Neno hili latupasa kulifikiri kwa utulivu, maana laweza kumfikia mtu ye yote wa nyumba zetu. Na tuseme, hapa Mtawanya yupo kijana apasuaye mbao kwa mshahara. Siku moja msumeno wamkata vidole vya mkono wa kuume. Jeraha lapona, lakini mkono haushiki tena shoka wala jembe. Nani atakayeipima hasara yake? Na huyo apimaye, alipwe na nani?

Sheria ya zamani, iliyoachwa na serikali ya kikoloni, ilimtwika mwajiri mwenyewe deni la fidia. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, nao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Waajiri ndio wachangao, wala si halali kuukata mchango huo katika mshahara wa mfanyakazi. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa sehemu za mia. Aliyepimwa zaidi ya 30 hupewa pensheni kila mwezi. Aliyepimwa 30 au pungufu hupewa fedha mara moja, basi. Kwa hiyo neno moja la daktari laweza kugeuza maisha ya nyumba nzima.

Wazee walisema, Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Daktari akilipwa na mwajiri, hata akiwa mwaminifu, mgonjwa atamwonea shaka. Akilipwa na mgonjwa, mwajiri naye atanung'unika. Tena maskini hana cha kulipa, naye atanyamaza na haki yake itapotea.

Wengine husema, Mfuko na ulipe. Twakubali, maana hapo mzigo wachukuliwa na wengi. Lakini tusisahau ya kuwa Mfuko ndio utoao fidia pia, nao una ngozi yake ya kuvuta. Basi twaona mambo mawili yapasa. Kwanza, ujira wa daktari uwe ule ule, akipima mengi au machache. Pili, asiyeridhika apate daktari wa pili, asiyechaguliwa na upande wo wote, na gharama itoke katika fungu la wote, pamoja na nauli. Haki isiyofikika kwa kukosa nauli si haki.

Labda mtu atasema, Waongo watajaa mlangoni. Kweli, waongo wapo. Aliyethibitishwa kuwa mdanganyifu na arudishe gharama. Lakini mlango usifungwe kwa waliovunjika kweli kwa ajili yake.

Nanyi mjuao kusoma, msingoje sheria itengenezwe. Ajali itokeapo, mwandikieni jirani siku, mahali na majina ya mashahidi, mkamhimize amjulishe mwajiri upesi na kuleta dai lake kabla ya miezi 12 kupita. Kazi hii haina ujira, na kwa sababu hiyo hakuna atakayeitilia shaka.