Shaka Ni Mali ya Nani?

Hivi majuzi, katika mkutano wa kijiji kilicho jirani na machimbo ya kokoto, mwakilishi wa kampuni alimuuliza mama mmoja ambaye kuta za nyumba yake zimefanya nyufa: "Mama, una uhakika gani kwamba si tetemeko la ardhi?" Mama akanyamaza. Kwenye muhtasari ikaandikwa kwamba chanzo hakijulikani.

Wanafalsafa husema kujua ni kuamini jambo la kweli kwa sababu za kutosha. Na iwe hivyo. Linalonikereketa ni lingine: nani ana haki ya kutia shaka, na gharama ya shaka hiyo anailipa nani?

Maana swali la yule bwana lina majibu. Mlipuko husukuma mwamba kwenda nje pande zote kwa mpigo mmoja, hivyo kila kipima mitetemo, kiwe mashariki au magharibi, kwanza husukumwa. Tetemeko ni miamba inayoteleza ikisuguana: vituo vya upande huu husukumwa, vya upande ule huvutwa. Mtelezo huo huzaa kwa wingi mawimbi ya pili, yale yanayoyumbisha ardhi kiubavu. Mlipuko huyazaa kwa uchache. Kina nacho husema. Mtetemo ulioanzia kilomita 30 chini si kazi ya binadamu, kwani shimo la Kola huko Urusi, lenye kina kuliko yote tuliyochimba, liliishia mita 12,262. Hata saa ni ushahidi: baruti hulipuliwa saa za kazi, ilhali tetemeko halijui Jumapili.

"Lakini huwezi kuwa na uhakika kamili." Kauli hii ina historia ndefu, na historia yake ina damu. Mwaka 1958 wataalamu wa Mashariki na Magharibi walikutana Geneva kujadili jinsi ya kuyatambua majaribio ya nyuklia. Mwaka uliofuata Mmarekani Albert Latter akaja na hoja kwamba bomu likilipuliwa ndani ya pango kubwa, mtetemo wake hufifia. Kifizikia alisema kweli. Mwaka 1966, katika chumvi ya ardhini huko Mississippi, bomu la Sterling lililipuliwa ndani ya uwazi ulioachwa na bomu la Salmon la 1964, na mtetemo ukapungua takriban mara 70. Lakini Sterling lilikuwa na nguvu ya kilotani 0.38 tu! Pango la kuficha bomu kubwa lingepaswa kuchimbwa kwa siri, na vifusi vyake vikasombwa bila jicho kuona. Hata hivyo, "inawezekana" ilikwisha kuvishwa joho la "huenda wanafanya". Wakabishana idadi ya ukaguzi kwa mwaka, Wamarekani wakitaka 7 na Wasovieti wakikubali 3. Mkataba wa 1963 ukapiga marufuku majaribio ya angani, anga za juu na chini ya maji, ya chini ya ardhi yakaendelea. Mkataba kamili ulipopatikana mwaka 1996, Seneti ya Marekani iliukataa mwaka 1999 kwa kura 51 dhidi ya 48, na wapinzani walirudia wimbo uleule wa uhakika. Hadi leo haujaanza kutumika kisheria.

Shaka ya kweli inajua itakapokoma. Muulize mwenye nayo: nikuletee nini uridhike? Atakujibu, hata kama anachotaka ni kigumu kupatikana. Hii nyingine haina sakafu. Ukileta vituo 100, inauliza habari za kile cha 101. Mbaya zaidi, kule machimboni anayeieneza ndiye aliyeshika dawa yake. Kampuni ndiyo yenye kumbukumbu za saa ya kila mlipuko, na ndiyo yenye uwezo wa kuweka kipima mitetemo ukutani kwa yule mama. Haikufanya hivyo, kisha ikamdai yeye uhakika.

Nakubali kwamba mitetemo midogo humezwa na kelele za malori na bahari, na kwamba wilaya nyingi hazina kituo.

Ila vilipo vituo, ardhi husema mengi. Kimoja nchini Kenya kilinasa bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998. Na sichoki kuifikiria nyambizi ya Kursk, iliyozama Bahari ya Barents tarehe 12 Agosti 2000 na watu 118. Maofisa wa Urusi walizungumzia kugongana na nyambizi ya kigeni. Vipima mitetemo vilikuwa vimeandika mipigo miwili, wa pili mkubwa mno, ikipishana kwa dakika mbili na ushei. Mlipuko wa majini hufanya kiputo cha gesi kinachotanuka na kusinyaa, na kila pumzi yake huacha alama katika mawimbi. Alama hiyo ilikuwemo. Mgongano haupumui.

Kisha nakumbuka tarehe 16 Agosti 1997. Ardhi ilitetemeka karibu na Novaya Zemlya, walikokuwa wakijaribu mabomu Wasovieti, na maofisa wa Marekani wakaishuku Urusi. Uchambuzi ukaonyesha kwamba mtetemo ulitokea chini ya Bahari ya Kara, kilomita 130 hivi kutoka uwanja wa majaribio, na kwamba lilikuwa tetemeko. Safari hii waliokuwa na haraka ndio waliojivika uhakika. Mimi nataka mwenye nguvu ndiye atwishwe mzigo wa kuthibitisha. Urusi ilikuwa na nguvu, na ilisingiziwa. Kanuni yangu siwezi kuiacha, kwa sababu ya yule mama. Wala siwezi kuitetea mbele ya Bahari ya Kara bila kuiongezea masharti, na kila sharti ninalolijaribu linampa tena yule bwana wa kokoto mlango wa kutokea.