Msafiri na Nyumba Yake

Msomaji kijana, wahenga walisema, "Tembea uone." Neno hilo ni fupi, lakini ndani yake mna swali ambalo aghalabu huachwa bila ya jibu: atembeaye namna gani ndiye aonaye? Miguu yaweza kufika mbali na moyo usiondoke nyumbani. Natamani tulipime swali hili pamoja, na mfano wangu nautoa Likoni, upande wa kusini wa kivuko cha Mombasa, ninakokaa na kuvuka kila siku kwenda kufundisha.

Miaka michache iliyopita walifika kwetu mume na mke, wazee wa Kijerumani, katika gari lililokuwa nyumba. Walikuwa wametoka Cape Town, wakapita Namibia, Zambia na Tanzania, wakaingia Kenya kwa mpaka wa Lunga Lunga. Safari ya miezi tisa. Ndani ya gari mlikuwa na kitanda, jiko, jokofu, choo na tangi la maji, na juu ya paa vibao vya umeme wa jua. Hawakukosa kitu, na kwa kuwa hawakukosa kitu, hawakumwomba mtu kitu. Klachi ya gari iliharibika karibu na kivuko. Vijana wakalisukuma hadi kiwanja kilicho mbele ya nyumba yetu, likakaa hapo siku tatu kungojea kipuri kutoka Nairobi.

Siku ya kwanza niliwahukumu. Nilijiambia kuwa watu hawa ni mfano wa kobe, ambaye hata akizunguka dunia nzima hulala chini ya gamba lake lile lile. Nikamkumbuka Ibn Battuta wa Tangier, aliyepita pwani yetu mwaka 1331 bila ya nyumba wala jiko. Yeye ameeleza kwamba jahazi lilipofika Mogadishu, vijana wa mji walilijia kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, na kila mmoja akamtaja mfanyabiashara mmoja kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara alishukia kwa mwenyeji huyo, na kwa mkono wake aliuza na kununua. Hapana shaka desturi hiyo ilikuwa na faida kwa pande zote mbili. Lakini ilimlazimisha mgeni kuingia mlango wa mtu. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na hata hivyo aliandika habari za ndizi na samaki waliokuwa chakula cha watu, za misikiti ya miti iliyojengwa imara, na za waumini walioosha miguu kabla ya kuingia. Usiku mmoja wa mgeni, nilijisemea, una mengi kuliko miezi tisa ya kobe.

Lakini hukumu ya haraka haina macho. Jioni ya pili nilizungumza na yule mzee, nikamwuliza kwa nini hawalali majumbani mwa watu. Akanijibu kwa upole kwamba wanajua wanapita nchi ambazo watu hugawana kidogo walicho nacho, na wanaogopa kula fungu la mtoto wa mtu. Maneno hayo yalinifedhehesha. Sisi wenyewe husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," kwa maana twajua kuwa mgeni ana uzito. Nilichokiita kiburi kilikuwa ni haya.

Nilipomweleza hayo bibi jirani yetu, apikaye mahamri, yeye hakukubali. Aliniambia, "Mwalimu, mwanangu, nimewapelekea mahamri na mbaazi mara mbili, na mara mbili wameshukuru wasipokee. Mtu asiyepokea kwangu ananiambia sina kitu."

Ewe msomaji, pima maneno ya pande hizi mbili. Mzee alikataa ili asimpunguzie mtu riziki. Bibi aliumia kwa sababu alinyimwa nafasi ya kutoa. Wote wawili walikuwa na nia njema, na baina yao ulisimama mlango uliofungwa. Nami nilikuwa nimesikia pande zote, nikayapeleka maneno ya bibi kwa mzee. Asubuhi ya tatu mlango ulifunguliwa. Walimkaribisha bibi ndani ya gari, wakanikaribisha na mimi. Wao walitoa chai, bibi alitoa mahamri, nasi tukakaa wanne tumebanana kwenye kiti cha watu wawili. Ndipo nilipofahamu kuwa abebaye nyumba yake, akitaka, aweza kuwa mwenyeji popote asimamapo. Wahenga hawakukosea: "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

Kipuri kilifika, wakaenda zao. Kesho yake nilisimama ndani ya feri kama kawaida. Kwa miaka 11 nimevuka maji yale na watu wale wale: wachukuzi, wauza samaki, watoto wa shule, makarani. Waendao kwa miguu hawalipi nauli, kwa hiyo tajiri na maskini husimama bega kwa bega. Nikajiuliza nawajua wangapi kwa majina. Sikupata hata mmoja. Kila siku nilikuwa nimeinamia simu yangu mpaka ng'ambo ya pili. Basi kobe niliyemcheka alikuwa mimi. Gamba langu lilienea kiganjani.

Nawe kijana, utasafiri. Wengine mtakwenda Nairobi kusoma, wengine Ughaibuni kufanya kazi. Huko nako waweza kubeba nyumba yako bila ya magurudumu: ukala na wenzako tu, ukasema lugha yako tu, ukarudi na picha nyingi na rafiki hata mmoja. Sikushauri uwaelemee watu, wala sikushauri uache chako. Nakushauri upokee japo andazi moja, na utoe japo kikombe kimoja cha chai. Kupokea kwa adabu ni heshima kama kutoa, na aliyekula kwa mtu hawezi tena kusema kwamba alipita tu.