Kalamu ya Risasi Baharini

Katika nyumba ya makumbusho ya bahari iliyoko Greenwich, Uingereza, zimehifadhiwa karatasi zipatazo 1,400 zilizochorwa na Waholanzi wawili, baba na mwana, wote wakiitwa Willem van de Velde. Leo twapenda kusema habari za baba. Alizaliwa Leiden mwaka 1611, mwana wa nahodha, akafa London mwaka 1693. Michoro yake mingi haina rangi: ni kalamu ya risasi, na pengine wino uliozimuliwa kwa maji. Apitaye upesi haoni kitu.

Atuliaye huona. Mstari mwembamba kama unywele ni kamba ishukayo kutoka mlingotini hata ubavuni mwa merikebu. Vistari vitatu juu ya sitaha ni mtu aliyeinama kazini. Hana uso wala jina, lakini twajua kwamba anavuta, na kwamba anachovuta ni kizito. Mzee yule hakubuni. Mwezi wa Juni 1666, Waholanzi na Waingereza walipopigana baharini siku nne, alikuwako huko huko katika chombo kidogo, akichora huku mizinga ikinguruma. Mwaka 1674 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimwekea paundi 100 kwa mwaka kwa kuchora, na mwanawe kadhalika kwa kuitia michoro hiyo rangi. Sifa zilimwendea zaidi mwana. Rangi hupendeza macho.

Sisi twaona kwamba kutazama namna hii kunakaribiana na sala. Achoraye kamba hana budi kukubali kwanza kwamba kamba ipo, mahali pake, kabla ya mawazo yake mwenyewe. Je, watu wa nyumbani mwetu twawatazama hivyo? Baba hurudi jioni akauliza chakula, asiione mikono iliyokipika. Mtoto akichora mashua pembeni mwa daftari, twamkemea kwa kuharibu karatasi (na kweli daftari zina bei), bila kuuliza ameona nini.

Mtakatifu Marko, akisimulia dhoruba ile ya Galilaya, ataja kitu ambacho Mateo na Luka hawakukitaja: mto wa kichwa aliolalia Bwana wetu shetrini. Maji yaingia chomboni, mitume wanalia, naye mwandishi akumbuka mto! Mapokeo ya kale yasema kwamba Marko aliandika aliyoyasikia kwa Petro; na Petro alikuwa mvuvi, mtu wa vyombo.