Namba Unayoiandika Inamfikia Nani?

Wanangu mnaoanza kazi ya kutunza seva, nina neno nanyi kuhusu amri moja fupi. Tangu Docker ilipojumuisha Swarm, mfumo wa kuendesha kontena kwenye kundi la seva (klasta), ndani yake mwaka 2016, mtu anaandika tu `docker service scale duka=10`, na huduma iliyokuwa na nakala 3 inatakiwa iwe na 10. Huombi kibali, humpigii mtu simu. Uwezo mkubwa namna hiyo unataka adabu.

Kwanza, jueni mnachokisema. Ukiandika 10, unamweleza meneja wa klasta hali unayoitaka, naye ndiye anayehangaika kuifikia na kuilinda. Kontena moja likifa usiku wa manane, ataanzisha jingine bila kumwamsha mtu. Ila akikosa nafasi hatakukatalia. Ataliweka ombi lako lisubiri. Matoleo ya sasa yanakuonyesha maendeleo pale pale, lakini nawaona vijana wenye haraka wanabonyeza Ctrl na C, wanaenda kunywa chai. Usiondoke. Andika `docker service ls`, utazame safu ya REPLICAS. Ukikuta 7/10, nakala tatu hazijapatikana. Sasa andika `docker service ps --no-trunc duka` usome sababu hadi mwisho. Mara nyingi utakuta hakuna nodi, yaani seva ya klasta, iliyobaki na kumbukumbu ya kutosha kwa kiasi ulichoitengea huduma hiyo. Ongeza seva, au punguza kiasi hicho kama ulikizidisha. Kuandika namba kubwa zaidi hakutakusaidia.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni hifadhidata iliyo nyuma ya hizo nakala. PostgreSQL, usipoigusa mipangilio yake, inapokea miunganisho 100. Chukua programu ambayo kila nakala yake inafungua miunganisho 20: nakala 3 zinatumia 60, na kila kitu ni shwari. Nakala 10 zinataka 200. Mteja aliyekuwa akilalamika kwamba duka ni zito sasa anafungiwa mlango kabisa. Umeongeza makonda, basi ni lile lile. Kwa hiyo piga hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi, na ukipima ukaona kizuizi kiko kwenye hifadhidata, acha nakala zilivyo uende ukashughulikie huko.

Na hifadhidata yenyewe msithubutu kuiongeza kwa amri hii. Swarm itakubali, maana haijui kilichomo ndani ya kontena. Kama data iko kwenye volyumu za kawaida za kila seva, nakala itakayoanzishwa kwenye nodi nyingine itafungua volyumu yake, tupu. Oda ya mama mmoja itaandikwa huku, akiuliza ataulizia kule, ataambiwa hakuna. Kurudisha imani ya mteja huyo ni kazi kubwa kuliko kurudisha data.

Kwa sababu hiyo hiyo, kumbukumbu za walioingia kwenye akaunti zao nazo zisikae ndani ya kontena. Ziwekwe mahali pa pamoja, kwa mfano Redis.

Tena, namba uliyoiongeza kwa mkono iandike siku hiyo hiyo kwenye faili la stack, lile linaloeleza huduma zenu. Mwenzako akirekebisha kosa dogo la maandishi kisha akaendesha `docker stack deploy`, Swarm itafuata faili, na nakala zako 10 zitarudi 3 huku wateja wamejaa. Yeye hana kosa. Wewe ndiye hukumwachia habari.

Wimbi likipita, utapunguza. Hapo pia muwe wapole. Kontena linaloondolewa linapewa ishara ya kufunga, kisha sekunde 10, halafu linauawa. Kama malipo kwenye mfumo wenu huchukua sekunde 15, kuna mtu atakatwa katikati naye ameshatoa pesa. Ongezeni muda huo kwa `stop_grace_period` kwenye faili lile lile, mlisambaze, ndipo mpunguze namba.