Namba Iliyo Chini ya Boneti

Mwanangu, umenieleza kwamba ukikata kona kali usukani unagonga, na kwamba fundi wako amesema ndiyo kawaida ya magari ya mtumba. Nilianza kuendesha baba yako hajaoa. Neno nitakalokuambia nimeshawaambia vijana wengi, wakaniitikia kwa adabu, kisha wakawasha gari wakaenda zao. Nimechoka, lakini kaa hapa usikie na wewe.

Novemba 2012 Toyota iliyaita yarudi kurekebishwa magari yake takriban milioni 2.77 duniani, Prius na Corolla yakiwamo, yaliyoundwa kati ya 2000 na 2011. Kama milioni 1.5 yalikuwa Japani kwenyewe. Mengi yaliitwa kwa ajili ya ile shafti inayounganisha nguzo ya usukani na boksi la stelingi. Chuma chake hakikukomazwa vya kutosha. Dereva akiuzungusha usukani kwa nguvu mpaka mwisho, gari likienda polepole, akarudia hivyo mara nyingi, meno ya shafti hulika, hulegea, na hatimaye gari linaweza kuacha kuitii mikono yake. Wakati huo hapakuwa na ajali iliyoripotiwa. Waliita kabla ya msiba, na kuita kwa namna hiyo ndiko kwenye maana.

Sasa tujitazame sisi. Unachomoka kwenye uchochoro wa Kariakoo, mkokoteni kushoto, bajaji kulia. Unakata usukani mpaka mwisho, unarudi nyuma, unakata tena, mara tano, mara sita, kabla hujaiona barabara. Kila siku ya Mungu. Hicho hasa ndicho kinachoyala yale meno.

Mjapani mwenye gari aliandikiwa barua, akalipeleka, akabadilishiwa kifaa bila kulipa. Barua ile humwendea aliyesajili gari kule. Gari likishauzwa nje, usajili wake Japani hufutwa. Linapakiwa melini, linashushwa Dar es Salaam au Mombasa, na kule kiwandani hakuna anayelijua jina lako. Huenda mwenyewe wa kwanza aliitikia mwito. Huenda aliliuza kabla. Kadi ya gari haikuambii, wala ile stika ya Nenda kwa Usalama hapo kiooni.

Hapa ndipo vijana huniambia, "Mzee, nimeangalia mtandaoni, gari langu halimo." Nauliza, umeangalia wapi? Tovuti ya Marekani. Mwanangu, tovuti ile inasoma namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari la Toyota lililoundwa kwa soko la Japani lina namba ya chesisi iliyo fupi: alama za modeli mbele, kama NZE121 au NHW20, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Ukiiingiza kule haikubaliwi, na kutokubaliwa kwa namba si ushahidi kwamba gari ni zima. Iulizie kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyoliunda; simu yako inaweza kuutafsiri. Ukishindwa, mpelekee namba hiyo wakala wa kampuni hapa nchini, umuulize: gari hili liliwahi kuitwa? Kama liliitwa, kifaa kilibadilishwa?

Fundi wako simlaumu. Mikono yake imelisha watoto na kuwasomesha, nami namheshimu. Lakini akikuambia "nimekaza", muulize amekaza nini. Meno yaliyolika hayakazwi, shafti hubadilishwa. Wala usimruhusu akufungie iliyong'olewa kwenye gari jingine la mtumba, maana huenda nayo ni ya kundi lilelile lililoitwa.

Tena mlio huo si lazima uwe wa shafti. Yaweza kuwa tairodi, yaweza kuwa bush, yaweza kuwa gari lako halikuitwa kamwe. Ningefurahi iwe hivyo. Lakini sitaki ulijue hilo kwa kubahatisha, ukishuka mlima na watoto kiti cha nyuma.

Basi liache gari hapo lilipo. Fungua boneti, futa vumbi kwenye kile kibati chenye namba ya chesisi, uniandikie namba yote, herufi kwa herufi. Miwani ninayo. Nakusubiri hapa hapa barazani.